Nusu ya Mbele ni ya Zamani

Watoto wangu wa garaji, nyinyi mnaochomeka simu kwenye gari na kungoja kioo kiwaambie ugonjwa: juzi mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu, "Muzehe Yusufu, gari mpya iko na haki ya kuingia kwenye maonyesho ya magari ya zamani?" Mkacheka wote. Mlijua kwamba niliwahi kuwa jaji wa maonyesho ya namna hiyo hapa Gitega, na mlishasikia kwamba ujaji wangu haukufika saa sita mchana. Sawa. Nitawasimulia mwenyewe, maana mkiichukua habari hii kwa wauza chai mtaikuta imeshaota pembe.

Kazi yangu mnaijua. Nilikuwa fundi wa bodi na wa kuchomelea, ile mnayoita sudire. Miaka mingi hapa Gitega, na kumi na mmoja ya mwisho Muyinga. Injini nilizijua, lakini mapenzi yangu yalikuwa kwenye bati. Nilikuwa napokea gari lililogonga mti, narudisha gari, na mti unasahaulika. Kwa hiyo komite ya maonyesho ilipokuja nyumbani kunitaka niwe jaji sikushangaa sana. Nadhani walitaka kitu kimoja uwanjani kiwe kizee kuliko magari.

Mwenyekiti alikuwa Madamu Esperansi, mkuu wa shule mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba na sentensi moja kuhusu sheria aliyoipenda kuliko zote: "Reglema ni reglema." Kikao cha kwanza tulitafuta maana ya neno zamani. Madamu akasema miaka thelathini. Bwana mmoja akanyanyuka: gari yake iko na miaka ishirini na tisa na miezi nane, je, isubiri nje ya geti mpaka itimize? Kikao cha pili tulitafuta maana ya neno mpya, na hapo ndipo tulipozama, kwa sababu huku kwetu gari jipya ni gari ambalo jirani hajaliona. Limetumika Japani miaka kumi na mitano, likapumzika Dubai, likapanda meli, likavuka Tanzania nzima, na likifika Muyinga linachinjiwa mbuzi kama mtoto mchanga. Kikao cha tatu tulijadili kama trekta ni gari. Hatukumaliza.

Tukakubaliana jambo moja tu: magari mapya hayaingii. Madamu akaliandika kwa wino mwekundu.

Halafu likaja hema.

Hema lilikuwa la Hajji Mbaraka wa Muyinga, mfanyabiashara wa vitambaa na saruji, rafiki yangu, mtu ambaye nimekula Idi nyumbani kwake si mara moja. Alitoa hema, viti, na vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati. Akaomba kitu kidogo: gari lake, jipu jeupe ambalo aliliita "zero kilometa", lisimame mbele. Madamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatufafanulia kwamba kila gari jipya litakuwa la zamani siku moja, kwa hiyo si vibaya kuliheshimu mapema. Ikaundwa sehemu mpya, na jina lake likaandikwa kwenye kitambaa: MAGARI YA ZAMANI YA KESHO. Wino mwekundu ukabaki daftarini, hakuna aliyeufuta. Reglema ni reglema.

Nitatoka njiani kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa kilichonipata.

Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, kijana kama nyinyi, na masikio yangu yalikuwa hayasikii. Aliyenifundisha ni Mzee Saidi. Yeye hakuamini macho. Alikuwa anagonga chuma kwa nyundo ndogo, anainamisha kichwa, anasema, "Hiki kizima," au, "Hiki kimekufa, bado kuzikwa." Siku hiyo akaniambia nibadilishe oili ya injini ya gari la Padri. Nikafungua nati, oili ikamwagika, nikafunga, nikajaza mpya juu. Shida ni kwamba nati niliyoifungua ilikuwa ya giaboksi. Injini ikawa na oili ya magari mawili, na giaboksi ikawa kavu kama koo la mfungaji saa kumi alasiri.

Padri akaenda Mutaho kubatiza. Akafika salama. Wakati wa kurudi gia zote zikakataa, isipokuwa ya kurudi nyuma. Padri akaona heri hiyo kuliko kulala njiani. Alipanda vilima kinyumenyume, shingo ameigeuza kama bundi, na watu wa baiskeli wakimsindikiza kwa nyimbo, wakidhani Kanisa limeanzisha aina mpya ya maandamano.

Mzee Saidi alipojua akaniambia, "Nenda kwa Padri, umwambie ni we."

"Mzee, si uende wewe? We ndiye patroni."

"Kosa ya fundi inasemwa na fundi. Ikisemwa na mwingine, inakuwa umbeya."

Nikaenda. Padri alinisikiliza, akanipa glasi ya maji, akasema shingo itapona tu. Nilitembea kurudi garaji nikiwa mwepesi kama nimeshusha gunia la chumvi. Wepesi huo niliujua mapema, na bado nikaja kuusahau. Hilo ndilo linaloniuma.

Haya. Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Mnakumbuka mafuta yalivyokuwa haba. Siku zile gari lolote lililotembea lenyewe lilistahili tuzo, na yaliyotembea hayakuwa mengi. Magari ya zamani yaliletwa kwa kusukumwa na wanaume wa baiskeli kutoka Mutaho. Magari ya kesho nayo yaliletwa kwa kusukumwa, ila kwa vioo vilivyofungwa, ili watu wadhani ni injini isiyo na sauti.

Uwanjani walikuwa wamechora mstari wa chokaa. Upande huu zamani, upande ule kesho. Upande wa zamani yalikuwa magari sita. Upande wa kesho yalikuwa kumi na tisa, chini ya hema. Kufika saa mbili asubuhi yale sita yakahamishiwa nyuma ya goli, karibu na vyoo, kwa sababu, nilielezwa, yanavuja oili na nyasi ni za shule. Mstari wa chokaa ukachorwa upya. Maonyesho ya magari ya zamani yakaendelea vizuri bila kusumbuliwa na magari ya zamani.

Nikasikia kelele getini. Mlinzi alikuwa amezuia pikapu ya bluu iliyojaa magunia ya maharagwe, na ilikuwa imekuja kwa miguu yake yenyewe, injini inaunguruma.

"Eka, sha," mlinzi alikuwa anakataa. "Iko chafu hii."

"Kaka, si nimesikia ni maonyesho ya magari ya zamani?" akajibu dereva. "Hili lina miaka thelathini na nane."

"Zamani ndiyo, lakini zamani ya kupanguswa. Hii yako bado inafanya kazi!"

Nikasogea. Dereva akashuka haraka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

Watu wakageuka kumtazama, maana alisema kama redio. Aliitwa Festo, mkulima wa Mwakiro. Alizaliwa na kukulia upande wa Tanzania, akarudi mtu mzima na mke na pikapu hiyo. Akaniambia kwamba kilimani kwao hakuna gari lingine, kwa hiyo maharagwe yakishashuka anaweka godoro nyuma na kubeba wagonjwa. Nikaingia chini ya gari lake, kwa mazoea tu. Lilikuwa na viraka kumi na vinne. Kila kiraka kilikuwa na rangi yake, hakuna hata kimoja kilichofichwa. Nikagonga shasi kwa nyundo yangu ndogo. Ikalia kama kengele ya shule.

"Mwache aingie," nikamwambia mlinzi. Akaingia, akapangiwa nyuma ya vyoo. Si karibu na vyoo, nyuma yake kabisa.

Sasa ikafika zamu ya jipu la Hajji Mbaraka. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, kanzu nyeupe, gari jeupe, meno meupe. Viti bado vilikuwa na plastiki. "Tazama, Yusufu. Plastiki ya kiwanda! Sijatoa hata moja. Kesho tunashuka nayo Bujumbura, tunampeleka binti yangu Zaituna kwa mume wake." Ndoa ilikuwa imefungwa Muyinga siku ya Ijumaa, na familia ilikuwa imelala Gitega njiani. Hajji alikuwa amekusanya mazutu, yaani dizeli, kwa miezi, bidoni kwa bidoni, kwa ajili ya safari hiyo moja.

Nikatandika mkeka, nikalala chini ya jipu.

Watoto wangu, kila fundi wa kuchomelea ana mwandiko wake. Wangu ni kama nyoka anayejikunja kulia, kwa sababu bega langu la kushoto lilivunjika zamani na mkono hauendi sawa. Chini ya kiti cha mbele, kwenye shasi, pande zote mbili, nilimwona nyoka huyo. Nikamulika tena kwa tochi. Ni mimi. Nilikuwa nimelala chini ya gari nikijisoma.

Miaka tisa kabla ya siku hiyo, Muyinga, patroni wangu wa wakati huo alileta majipu mawili ya aina moja, yale ambayo kiwanda hakikuyabadilisha umbo kwa miaka mingi. Moja liligongwa nyuma. Jingine lilianguka bondeni kwa pua. Akaniambia, "Yusufu, hapa mi naona gari moja nzima." Nikakata yote mawili katikati, nikaunganisha nusu nzima ya hili na nusu nzima ya lile. Nikaweka taa mpya, grili mpya, rangi nyeupe mara tatu. Nikarudisha kilometa karibu na sifuri. Na ile plastiki ya kiwanda niliinunua sokoni Gashoho. Ilikuwa ya kufunika meza. Ukiangalia vizuri pembeni ina maua madogo ya bluu.

Lilikuwa gari zuri kuliko yote niliyotengeneza. Mafundi walikuja kulitazama. Nilijiambia kwamba litakaa mjini, litaenda polepole, na wa kuulizwa atakuwa patroni. Likauzwa kwa mtu wa Ngozi kama jipya kutoka Dubai. Sikujua kwamba miaka ile yote lilikuwa linasogea kutoka mkono hadi mkono mpaka kufika kwa rafiki yangu. Kilicholiweka hai ni uhaba wa mafuta. Lilisimama zaidi ya lilivyotembea.

Nikatoa nyundo, nikagonga mshono. Ukalia kama debe la mchanga. Kutu ilikuwa imekula nyoka wangu mpaka tumboni.

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguliwa juu yangu, na karibu na uso wangu nikaona miguu miwili yenye hina mpya, maua mpaka kwenye vifundo. Zaituna alikuwa anapanda kupigwa picha. Alikuwa anacheka na dada zake, na kila alipojisogeza kwenye kiti mshono ulitoa vumbi jekundu likaniingia machoni. Nilikaa chini pale muda mrefu kuliko jaji anavyohitaji. Nilifikiria kusema kwamba naumwa. Nilifikiria kumnong'oneza dereva aende polepole. Mnajua ile njia ya kushuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, kona juu ya kona. Polepole haisaidii kitu pale.

Nikatoka.

"Hajji, njoo pembeni nikuambie jambo."

"Pembeni ya nini? Sifa haisemwi pembeni! Sema hapa, watu wasikie!" Na bwana wa vipaza sauti, akidhani natoa hukumu, akaniwekea maikrofoni mdomoni.

Basi nikasema, na uwanja mzima ukasikia, hata walio nyuma ya vyoo. "Gari hili ni magari mawili. Mimi ndiye niliyeyaunganisha, kule Muyinga. Mshono umeoza. Zaituna, mwanangu, shuka taratibu."

Zaituna akashuka. 

"Yusufu," Hajji akasema kwa sauti ndogo, "we umekula kwangu Idi." Kisha kwa sauti kubwa, "Uongo! Gari iko mpya! Muone plastiki!"

"Plastiki hiyo ni ya meza, Hajji. Tazama maua."

Mama mmoja wa Muyinga akainama, akatazama, akasema, "Yemwe, kama ya kwangu jikoni!"

Ningetegemea watu wanipige, au wamwonee huruma bibi harusi. Sikutegemea komite. Madamu Esperansi alikuwa amesogea na daftari lake. "Alor, muzehe. Hiyo nusu ya mbele iko na miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja, Madamu."

"Na ya nyuma?"

"Ishirini na minne."

"Donk nusu ya mbele ni ya zamani kwa reglema, na nusu ya nyuma ni ya kesho." Wajumbe wakakusanyika hapo hapo. Mmoja akasema gari lisimame na pua upande wa zamani. Mwingine akasema hapana, hiyo itakuwa kupendelea. Mwishoni ikapigwa kura, kwa kunyoosha mikono, kwamba jipu lisimame juu ya mstari wa chokaa, mbele huku, nyuma kule. Nilipiga kelele kwamba lisiguswe. Nikaambiwa jaji hana kura. Watu wazima saba, kati yao wenye digrii, wakaanza kulisukuma kuelekea kwenye mstari.

Kabla ya mstari kulikuwa na mfereji mdogo wa maji ya mvua, hauzidi shubiri mbili. Magurudumu ya mbele yakavuka. Ya nyuma yalipoingia, jipu lilitoa mlio mrefu, likainama katikati taratibu, kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kulala. Likakaa. Milango yote minne ikajibana. Plastiki ya viti ikapasuka, tukaisikia.

Hajji Mbaraka akapiga magoti na kanzu yake kwenye matope. Akapeleka mkono chini, akatafuta mshono, akaingiza kidole. Kidole kikapita mpaka upande wa pili. Akabaki hivyo.

"Alikuwa akae hapa," akasema. "Yeye na mama yake."

Nikakaa chini kando yake.  Baadaye akasema bila kunitazama, "Ondoka mbele yangu, Yusufu." Nikaondoka, nikasimama nyuma ya watu. Madamu akanivua kitambaa cha ujaji begani, kwa heshima, akakikunja mara nne.

Aliyebaki pale ni Festo. Alisubiri Hajji asimame, akamsalimia, akamwambia, "Mzee, gari langu si zuri. Lakini Bujumbura nitawafikisha." Hajji akatazama pikapu, viraka kumi na vinne na rangi zake. Akaja kuniuliza mimi, kwa kidevu tu, bila kufungua mdomo. Nikaitika kwa kichwa. Shasi ile nilikuwa nimeisikia. Wakanyonya mazutu kutoka kwenye jipu, wakajaza pikapu, wakashusha maharagwe kwenye darasa la tatu. Jumapili Zaituna alishuka Bugarama kwenye kiti cha mbele kilichotandikwa zulia, mama yake kando, na dada zake nyuma juu ya lile godoro, wanapiga vigelegele kila kona. Walifika. Nilijua kwa sababu Festo alinipigia simu akiwa huko. Hajji hakupiga. Idi iliyofuata nilikula kwangu.

Tuzo ya kwanza, kama mnataka kujua, ilichukuliwa na gari la zamani la kesho, lililoingia nchini mwaka uliotangulia.

Sasa swali lenu. Gari jipya liingie au lisiingie? Mi sijui, na komite haijui, bado wako kwenye trekta. Lakini siku ile nilirudi nyumbani na hesabu nyingine kichwani, ambayo sikuisema kwenye maikrofoni. Kule Muyinga sikuunganisha gari moja. Niliunganisha manne.

Ndiyo sababu mnaniona kila mwezi napanda basi kwenda Muyinga, na mnasema muzehe ana mke wa pili. Naenda kulala chini ya majipu ya watu. Nimefukuzwa sokoni Gashoho kama mwizi wa matairi. Nimemwagiwa maji machafu na mama mmoja aliyedhani nimekufa chini ya gari lake, kisha akadhani ni mlevi. Moja nililipata Gashoho, linabeba wanafunzi. Mwenyewe alinitukana saa nzima, halafu tukalikata pamoja. La pili nililipata Ngozi, limekuwa banda la mbuzi, nikamshukuru Mungu na mbuzi.

La mwisho sijalipata. Magoti yangu hayataki tena kulala chini, nanyi mnalala chini ya magari kila siku. Ni jeupe, au lilikuwa jeupe. Chini ya kiti cha mbele, pande zote mbili, kuna mshono kama nyoka anayejikunja kulia. Mkiuona, msimuulize mwenyewe gari ni la mwaka gani. Mwambieni ashuke, kisha mniite, nije nimwambie mimi mwenyewe.